Unga Usio na Mkia

Watu wengi wanaoingia kwenye jimu yangu hapa Kalangalala, mjini Geita, wanadhani kazi ngumu ni kunyanyua vyuma. Vyuma, mtu yeyote mwenye hasira za kutosha atavinyanyua. Kazi ngumu ni kumfanya mtu huyo ale vizuri baada ya hapo, na hiyo ndiyo iliyonipa jina mjini. Nina kaunta ya mbao pembeni mwa mlango, blenda mbili, friji linalonguruma kuliko wateja, na rafu ya makopo ya unga wa protini niliyoyachagua mwenyewe kwa macho yangu. Wanaume waliobeba mawe ya dhahabu mchana kutwa wanapanga foleni mbele yangu wakisubiri sheki, na mimi ndiye ninayeamua nani anakunywa nini.

Sheki ninaijua. Naanza na maziwa yaliyochemshwa yakapoa mpaka yakawa baridi kabisa, kwa sababu ukiumwagia unga huu maziwa ya moto unapata madonge ambayo hata blenda inayashindwa. Maziwa kwanza, unga baadaye. Wanaotanguliza unga wanaishia kukwangua chini ya jagi kwa kijiko huku wakilaumu kiwanda. Kisha naweka ndizi mbivu, ile yenye ganda la madoa meusi ambayo muuzaji sokoni yuko tayari kukupa kama nyongeza. Halafu karanga za kukaanga nilizozisaga mwenyewe bila sukari, na chembe ya chumvi kwa yule ambaye fulana yake unaweza kuikamua. Yai bichi siweki hata mteja akipiga magoti. Ambaye maziwa yanamvuruga tumbo namtengenezea kwa maji, na simcheki.

Kuna wanaokimbia kutoka kwenye chuma kuja kaunta wakihema, wakiamini kwamba dakika zikipita mazoezi yote yamekwenda bure. Nawaambia wakae kwanza wapumue. Misuli siyo basi la Mwanza, haimwachi mtu stendi.

Na kila mteja mpya namwambia jambo ambalo wafanyabiashara wenzangu wananiona mwendawazimu kwa kulisema. Kama nyumbani kwako kuna maharage, mayai, na dagaa wa Nkome waliokaushwa vizuri, kopo unaweza kuliacha hapo rafuni. Unga wa protini ni wa mtu asiye na muda wa kupika, au asiye na hamu ya kula. Wachimbaji wengi ni watu wa namna hiyo. Wanaishi kambini, wanakula ugali mkubwa kwa mchuzi mwembamba, halafu wanashangaa kwa nini mikono ina nguvu na mapaja yanapungua.

Kuhusu kuchagua kopo, mimi ni mkorofi. Picha ya jamaa aliyejaa mishipa sitazami, maana jamaa huyo hajawahi kuonja kilichomo ndani. Nageuza kopo nyuma nasoma lebo. Kitu cha kwanza kuandikwa kwenye orodha ndicho kilichomo kwa wingi, kwa hiyo nikikuta sukari au wanga umetangulia, narudisha kopo mahali pake. Natazama kijiko kimoja kina uzito gani na protini ndani yake ni kiasi gani. Kijiko kikubwa chenye protini kiduchu ni uji umevaa suti. Naangalia karatasi ya muhuri chini ya kifuniko kama imefunguliwa na kubandikwa tena, naangalia tarehe, naangalia kama mwingizaji ameandika anapopatikana. Kopo linaloahidi kwamba utanenepa kwa wiki moja silinunui hata kwa kuwekea misumari.

Nimeyasema yote haya ili ieleweke kwamba ninapoyasifu makopo yangu sijisifu ovyo. Ninajua ninachouza. Lakini kuna mwaka ambao kujua huko ndiko kulikoniogopesha kuliko jambo lolote nililowahi kukutana nalo.

Mdogo wangu wa kiume ni kitinda mimba wa mama yetu. Sisi ni watu wa Ushirombo, familia ya mahindi, mihogo na misa ya Jumapili, na mimi ndiye niliyetangulia kuhamia Geita. Yeye alinifuata akiwa kijana mwenye mabega mapana, akaingia kwenye duara, ndivyo wachimbaji wadogo wanavyoliita shimo lao, na akapenda maisha yale mara moja. Mama alinipigia simu siku alipopanda basi. Aliniambia huyu ni wa mwisho, hana mwingine wa kuniletea, nimtunze. Mama hapotezi maneno, na mimi nilimjibu kwamba asiwe na wasiwasi, kwangu atanenepa.

Kwa miaka michache alinenepa kweli. Alikuwa akija jioni baada ya zamu, ananyanyua vyuma na wenzake wa duara, wanarushiana vijembe, anakunywa sheki yake na kuondoka. Kisha nikaanza kuona mambo. Mkanda wake ulikuwa na matundu mapya aliyoyatoboa kwa msumari. Saa ilimzunguka mkononi. Alikuwa akishusha chuma alichokizoea kabla ya wakati na kusema kwamba leo amechoka. Alikohoa pia, lakini huku kwetu mchimbaji asiyekohoa ndiye anayeshangaza watu.

Nilimuuliza. Akasema ni vumbi. Akasema anakunywa maziwa kila akitoka shimoni, kwa hiyo vumbi linashuka. Hiyo ni imani ya kila duara ninalolijua. Mtu anapanda juu akiwa mweupe wa unga wa mawe kuanzia nywele mpaka viatu, anagida maziwa, anajifuta mdomo, na moyoni anajua kifua kimeoshwa. Hata mimi nimeisikia tangu nilipofika mji huu, na wauza maziwa hawana sababu ya kuipinga.

Basi nikaamua kumnenepesha upya. Nilimwekea utaratibu. Kila jioni sheki kubwa, vijiko viwili, ndizi mbili, karanga za kutosha, na nikampa mayai ya kuchemsha abebe kambini. Nilisimama naye mpaka amalize glasi. Nilikuwa na hakika kabisa, maana nilishawajenga watu wembamba kuliko yeye, wakiwemo wawili waliokuwa wakitaniwa kwamba wakisimama pembeni ya nguzo huwaoni. Mwezi ukapita, na mwingine ukaanza. Nilikuwa nampandisha kwenye mzani na mzani haukusogea mbele. Ulirudi nyuma kidogo, nikasema mzani umechoka, nikanunua mwingine. Wa pili ukasema maneno yaleyale.

Yeye alishapata jibu lake. Jioni moja aliingia na wenzake watatu wa duara, kwapani ana kopo kubwa jeusi lenye maandishi ya dhahabu, mkononi ana beseni la plastiki. Kopo alilinunua kwa mtu aliyekuwa akipita kambini na begi. Alilitua kwenye kaunta yangu mbele ya wateja wote. Alisema kwa upole, maana ananiheshimu, kwamba unga wangu ni mwepesi, kwamba unawafaa watu wa ofisini, na kwamba amekuja kunionyesha.

Ili ieleweke alichokifanya, lazima nieleze kidogo kazi yao. Wachimbaji wakipata mawe mapya hawayaamini kwa kuyatazama. Wanasaga kidogo mpaka yawe unga, wanaweka kwenye beseni na maji, wanazungusha taratibu. Vyepesi vinamwagika na maji, na dhahabu, kwa kuwa ni nzito, inabaki chini imejipanga kama uzi mwembamba wa manjano. Uzi huo wanauita mkia. Mawe yenye mkia yanashangiliwa. Mawe yasiyo na mkia yanatupwa, na aliyeyaleta anataniwa mpaka wiki iishe.

Mdogo wangu akachota kijiko cha unga wangu, akakiweka kwenye beseni, akamimina maji, akazungusha. Anazungusha vizuri, mikono yake ina adabu ya kazi ile. Unga wangu ukafanya unavyopaswa. Madonge machache yalielea, yakalegea, yakayeyuka, maji yakawa meupe, na alipoyamwaga taratibu beseni likabaki tupu. Wenzake wakatikisa vichwa kwa huruma. Akaosha beseni, akachota unga wa kopo jeusi, akazungusha. Maji yakatoka, na chini pakabaki utepe mzito wa unga uliotulia, unang'aa kwa unyevu.

Mmoja wa wale watatu, Msukuma mkubwa mwenye moyo mzuri, akausogelea akautazama kwa makini. Akaniambia, "Mayu, huu una mkia." Aliniita mama kwa Kisukuma na alisema kwa masikitiko ya kweli, akionekana kunihurumia kwa hasara yangu.

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Sijui ni watu gani wengine duniani wangeweza kukosea namna ile. Maisha yao yote yamewafundisha kwamba chenye thamani kinazama. Nikawaambia kwamba kwenye protini mambo yamegeuzwa, kinachozama ndicho walichowekewa ili kopo liwe zito. Hawakuniamini. Kwa nini waniamini, mimi muuza unga mwepesi? Wateja wengine nao walishaacha vyuma, wamekusanyika, na mmoja aliyekuwa amenunua kopo kwangu wiki ileile alianza kulitazama vibaya.

Nina sanduku la huduma ya kwanza kwa ajili ya watu wanaojidondoshea vyuma vidoleni. Nikatoa chupa ya iodini, ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda. Kila aliyesoma shule ya msingi anakumbuka mwalimu akidondoshea kiazi dawa hiyo na kiazi kikageuka bluu iliyokolea kama wino, ishara kwamba kina wanga. Nikaweka unga wangu kwenye kisosi kimoja na utepe wa kopo jeusi kwenye kingine. Nikadondosha. Kwangu dawa ilibaki na rangi yake ya kahawia. Kwenye kopo jeusi pakawa bluu nyeusi papo hapo, ikatambaa mpaka ukingoni mwa kisosi.

Nikachukua kidole cha unga ule nikakinusa, nikawapa nao wanuse. Unga wa muhogo. Mimi ni mtoto wa mihogo, siwezi kudanganywa hapo. Nikawaambia mdogo wangu amebebeshwa makopa ya muhogo yaliyotwangwa tangu kambini mpaka mjini, na angetaka hayo angemwambia mama ayatume kwa basi. Jimu nzima ikaangua kicheko. Yule Msukuma akajipiga mapajani kwa viganja. Aliyekuwa akiliangalia kopo lake vibaya akalibusu. Nilisimama pale nikiwa nimevimba kwa ushindi, na sioni aibu kusema kwamba niliufurahia.

Mdogo wangu naye alikuwa akicheka. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Alijishika kwenye kaunta, mifupa ya mabega ikasimama chini ya fulana. Nikamtazama, na furaha yote ikanitoka mwilini.

Nilikuwa nimethibitisha mbele ya mashahidi kwamba unga wangu ni mzuri. Mtu huyu alikuwa ameunywa kila jioni, mbele ya macho yangu, vijiko viwili, ndizi, karanga na maziwa. Kama unga ni mzuri na mtu anapungua, basi kuna kitu kingine kinachokula. Ningekuwa na shaka na makopo yangu hata kidogo, ningekimbilia kubadilisha kopo, kama nilivyobadilisha mzani. Sikuwa na shaka. Kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia, na niliogopa.

Nikamwita nyuma, stoo, kwenye ndoo za ndizi. Nikamwambia kesho asubuhi tunakwenda hospitali wakapime makohozi. Alijua ninamaanisha nini. Akakasirika kwa sauti ya chini. Alisema mawe ya dhahabu yamekaribia, kwamba wameshaanza kuona dalili nzuri ukutani, na anayetoka duara wakati huo anarudi anakuta nafasi yake ina mtu. Alisema habari ya kupima makohozi ikisikika kambini hakuna atakayelala naye chumba kimoja. Alisema tena habari ya maziwa.

"Sheki hupati tena," nikamwambia. "Hata glasi. Mpaka upime."

"Dada, utaninyima chakula?"

"Nitakunyima. Ninamlisha aliyekukalia kifuani, wewe hupati kitu."

Aliondoka bila kuniaga. Hakuja kesho yake, wala siku zilizofuata. Simu alikuwa akiiacha iite. Nilikuwa nakaa kaunta nasaga ndizi za watu wengine nikiwaza nitamwambia nini mama. Nilimwazia akipokea simu yangu kule Ushirombo, amesimama uani, mkono umeshika kiuno kama kawaida yake. Sikuweza kuiwaza simu hiyo mpaka mwisho. Ilipoanza wiki nyingine nikafunga jimu asubuhi, nikachukua kigoda changu na chupa ya chai, nikapanda pikipiki mpaka kwenye duara lao.

Hapa pia panahitaji maelezo. Wanawake wapo wengi machimboni, wanaponda mawe, wanapika, wanaosha mchanga. Lakini kwenye maduara mengi, mdomo wa shimo mwanamke hausogelei. Wanasema akisogea dhahabu inakimbia, mawe yote yanageuka matupu na jasho la miezi linakwenda na maji. Wapo maprofesa wa imani hiyo ambao hata mke akileta chakula anakiacha mbali na kupiga mluzi. Mimi imani hiyo siishiki, lakini ninaijua vizuri, na asubuhi ile niliijua kama mtu anavyojua funguo ilipo mfukoni mwake.

Walikuwa wamezungusha kamba kwenye nguzo kuonyesha mpaka. Nilifika kwenye kamba, nikatua kigoda, nikakaa. Msimamizi wa duara, mzee wa makamo aliyejifunga taulo shingoni, akaja mbio. Nikasimama, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Akalazimika kusimama. Hata mtu anayekuja kukufukuza, ukimwamkia ataitikia. "Marahaba," akasema akihema. "Mama, hapa hapana, hapa siyo pa kukaa."

Nikamwambia ninajua, na ndiyo maana nimekaa nje ya kamba, kwa heshima yao. Nikamweleza kwamba nimemfuata mdogo wangu, ninampeleka hospitali. Akasema yuko chini, zamu haijaisha. Nikasema sawa, nitamsubiri. Nikamimina chai. Nilipomaliza kikombe nikanyanyua kigoda nikakisogeza mbele kidogo, mpaka goti langu likagusa kamba. Akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia jua limenifikia.

Watu walianza kukusanyika upande ule, na hakuna aliyetaka kuja kunishika, maana kunishika kungewasogeza nami karibu na shimo. Mmoja alianza kusali. Mwingine akamwambia msimamizi kwa sauti ya kunong'ona ambayo hata waliokuwa chini waliisikia kwamba mawe yataondoka, mawe yataondoka leo hii. Nikashika kamba kwa vidole viwili nikaiinua, kama mtu anayetaka kujua tu ina uzito gani. Msimamizi akageuka akapiga kelele shimoni kwamba yule mwenye dada apande sasa hivi, aache kila kitu.

Alipanda taratibu mno. Wenzake wawili walimvuta kwa kamba hatua za mwisho. Alipofika juu alikuwa mweupe wa vumbi, na macho yake yaliponiona pale na kigoda changu yalijaa aibu na hasira kwa pamoja. Alitaka kusema kitu, kikohozi kikamtangulia. Akainama pembeni, akatema. Msimamizi alikuwa karibu naye kuliko mimi. Akatazama wekundu uliokuwa chini palipotemewa, kisha akasogeza mchanga kwa kiatu akapafunika, haraka, watu wasione.

Alipoinua kichwa alikuwa amebadilika sura. Alimwambia mdogo wangu, bila ukali, "Nafasi yako ipo. Hakuna atakayeigusa. Sasa mtoe dada yako hapa."

Hospitalini tulikaa kwenye benchi. Alikuwa bado na vumbi kwenye nyusi. Walichukua makohozi, wakapiga picha ya kifua, tukarudi tena kusikia majibu. Ilikuwa kifua kikuu, na vumbi la mawe lilikuwa limekitengenezea makao mazuri. Muuguzi mmoja mwenye sauti ya kuchoka alimweleza jinsi ya kumeza vidonge kila siku, asubuhi kabla ya chakula, kwa nusu mwaka bila kuruka hata siku moja, hata atakapojisikia mzima. Mdogo wangu akamuuliza kuhusu maziwa. Muuguzi akamwambia maziwa yanakwenda tumboni na vumbi linakwenda kwenye mapafu, na hivyo viwili havikutani. Mdogo wangu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa kisosi kingine.

Mimi nilifurahi, na naomba nisieleweke vibaya. Nilifurahi kwa sababu nilichokuwa nakiogopa kilikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa na dawa. Nilipima na mimi, nikawa salama. Kisha nilimwomba ruhusa, akanipa, nikawaambia wateja wangu wote waliokuwa wakifanya mazoezi naye. Wawili waliondoka kabisa. Waliobaki walikwenda kupima, na nikatoboa madirisha mawili ukutani ambayo nilikuwa nayasema kwa mdomo tangu nifungue jimu. Msimamizi wa duara naye aliwaleta watu wake kwa mafungu, akiwahimiza kama kondoo, na alipopita kaunta kwangu aliniomba kwa heshima zote nisiende tena kule.

Vidonge vilimtesa mwanzoni. Alikojoa mkojo mwekundu akadhani anakufa, mpaka tukakumbuka kwamba muuguzi alishatuambia. Alihamia chumba changu cha uani, na asubuhi nilikuwa nasimama mlangoni mpaka ameze. Sheki nilimrudishia siku ileile ya majibu, nikimpa jua linapopanda, baada ya dawa kutulia. Mchanganyiko uleule, maziwa, ndizi, karanga, vijiko viwili kutoka kopo lilelile alilolisema ni jepesi. Nilijizuia kumpandisha kwenye mzani kwa muda mrefu. Nilipompandisha, ulikuwa umesogea. Wiki nyingine ukasogea tena. Sasa unga ulikuwa unamfikia yeye mwenyewe.

Alipomaliza dawa daktari alimkataza vumbi moja kwa moja. Alikwenda mwenyewe kwenye duara kuwarudishia nafasi yake, na walikuwa wameiacha wazi kweli kama walivyoahidi. Siku hizi anachukua dagaa Nkome, anawaleta mjini, na ananuka dagaa kiasi kwamba namwamuru akae upande wa dirisha. Mama nilimweleza yote mdogo wangu alipokwisha kupona. Aliuliza kama ananenepa.

Juzi jioni alikuja kunyanyua vyuma, akamaliza, akasimama kaunta akinisubiri nimsagie. Nilimpa glasi. Aliishika bila kunywa.

"Dada," akasema, "unga wako ungekuwa mbovu, mimi ningekufa. Ningekufa huku tunabadilisha makopo."

Nilimwambia anywe, maziwa yanapata joto. Kisha nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikakaa juu ya ndoo ya ndizi na kulia kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya hospitalini wala pale kwenye kamba. Huko nje foleni ilikuwa inaongezeka na watu wanaita. Nilipotoka nikiwa nimenawa uso, alikuwa amevaa aproni yangu na anawasagia wateja sheki. Alikuwa ametanguliza unga.